Wasiwasi na Busu

Wako watu wazima wenye elimu yao ambao ukiwatajia riwaya za vijana kutoka Marekani hukunja uso kama waliolamba ndimu. Hizo, watakwambia, ni hadithi za wasichana wa sekondari wanaojifungia vyumbani na kulia, kisha huja mvulana, kisha machozi hukauka, kisha shule huisha na kila mtu hushika njia yake kwenda chuo kikuu. Siwabishii sana, maana nyingi ndivyo zilivyo. Nimezisoma kwa wingi kuliko inavyomstahili mtu wa rika langu, kwa sababu ya kazi yangu ya ualimu, na kwa sababu nyumbani kwangu hupita wapwa wengi na kila mpwa huacha kitabu. Lakini, ndugu msomaji, ndani ya lundo hilo zimo chache zilizokataa kupita njia hiyo, nami nataka kuzisema, hasa moja.

Kwanza niseme kilicho kibaya katika zile mbaya. Msichana ana hofu. Kifua kinambana, mikono inatetemeka darasani, hawezi kula mbele ya watu. Kurasa mia moja za mwanzo tunaambiwa hivyo, na pengine tunaambiwa vizuri. Halafu anatokea kijana mrefu mwenye gitaa, wanabusiana chini ya taa za uwanja wa mpira, na kuanzia hapo ile hofu haisikiki tena. Mwandishi amelitumia penzi kama Panadol. Ungekuwa ni uongo wa kawaida wa hadithi nisingehangaika nao. Hata Abunuwasi alidanganya, na tukampenda. Lakini uongo huu humwendea msomaji asiyeweza kuuhimili. Msichana wa miaka kumi na saba aliye na hofu kweli kweli atasoma, atangoja mvulana, mvulana atakuja (huwa wanakuja), na hofu itabaki pale pale. Hapo ataamini kwamba yeye ameshindikana, kwa kuwa dawa iliyowaponya wenzake wote vitabuni, kwake imegoma.

Riwaya iliyoukataa uongo huo waziwazi ni Turtles All the Way Down ya John Green, iliyotoka Oktoba 2017. Green alikuwa amekwisha kupata sifa kubwa kwa The Fault in Our Stars ya mwaka 2012, na wengi walitazamia awalize tena kwa namna ile ile. Yeye akaandika kitabu kigumu zaidi. Amesema hadharani kwamba ugonjwa anaompa mhusika wake ni wake mwenyewe: ule wa kurudiwarudiwa na fikra usiyoitaka, ukalazimika kufanya kitendo kile kile ili fikra itulie, nayo isitulie.

Mhusika ni Aza Holmes, msichana wa miaka 16 katika mji wa Indianapolis. Baba yake amefariki. Mama yake ni mwalimu katika shule anayosoma. Aza anaogopa bakteria aitwaye Clostridium difficile, ambaye anaweza kukaa tumboni mwa mtu bila neno na anaweza pia kumuua. Katika ncha ya kidole ana kidonda kidogo alichokifanya mwenyewe kwa ukucha wa kidole gumba, na hakiachi kipone. Anakibinya kitoke uchafu, anakisafisha, anabandika plasta mpya. Muda si muda anajiuliza kama kweli alikisafisha, au alidhani tu amekisafisha. Anaibandua plasta. Kurasa zinakwenda hivyo, na msomaji asiye na ugonjwa huu huchoka, naye Green anataka achoke. Mahali pengine sauti ya pili inabishana na Aza kwa herufi za mlazo, na katika mabishano hayo anayeshindwa ni Aza, kwa sababu ile sauti haihitaji kuwa na hoja nzuri. Inahitaji tu kurudi.

Mpwa wangu mmoja, binti wa dada yangu, alikimaliza kitabu hiki kwa siku mbili alipokuwa kwangu akingoja matokeo ya kidato cha sita. Aliponirudishia alisema, "Mjomba, kumbe na Wazungu wana wasiwasi wa udhu!" Nilicheka. Kisha nikakaa nikaifikiri kauli ile, nikaona kwamba sijawahi kusoma uhakiki wa kitabu hicho uliofika mbali kama maneno yake hayo machache.

Kwa wasiokulia pwani nieleze. Kila mtaa wetu wa Tanga ulikuwa na mtu wa wasiwasi. Wa kwetu alikuwa mzee mmoja mpole, mwenye duka la nazi na viungo, ambaye akiingia kutawadha msikitini alikuwa hatoki. Anaosha mkono mara tatu kama sheria inavyotaka, anatilia shaka ile ya tatu, anaanza upya. Birika linakwisha, anaomba jingine. Watu wanasali wanamaliza, yeye bado yuko kwenye kiwiko. Sisi watoto tulimcheka, lakini shehe wetu hakumcheka. Alimwambia: osha mara tatu, kisha ondoka, hata kama moyo unakwambia hukuosha; yakini haiondolewi na shaka. Leo madaktari wanaotibu ugonjwa wa Aza hufanya jambo linalofanana sana na hilo. Humfundisha mgonjwa akishike anachokiogopa kisha asinawe, akae na ile hofu mpaka ichoke yenyewe.

Na neno lenyewe, wasiwasi. Siku hizi tunalitumia kwa kila kitu, hata kwa mvua inayoweza kunyesha siku ya harusi. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni mnong'ono. Sura ya mwisho ya Kurani, ya 114, inamtaja mnong'onezaji anayetia maneno vifuani mwa watu. Ndiyo maana Mswahili husema ameingiwa na wasiwasi, kama mtu anavyoingiwa na mgeni bila hodi. Kitu kimetoka nje, kimepenya, kinasema. Aza anahangaika kitabu kizima kutafuta namna ya kulieleza hili kwa Kiingereza. Anauliza kama fikra zake ni zake, na kama si zake, basi yeye ni nani anayeziwaza. Jina la riwaya limetoka kwenye ile hadithi ya bibi kizee aliyedai kwamba dunia imekaa juu ya kobe, na kobe juu ya kobe mwingine, na kuendelea chini bila mwisho. Aza akijichimba ndani ajitafute hupata kobe tu. Nathubutu kusema kwamba msomaji wa Kiswahili anaingia katika kitabu hiki akiwa na ufunguo ambao Mmarekani hana. Sisi lugha imekwisha kututenganisha na wasiwasi wetu. Aza hana lugha hiyo, na ile "mimi" yake inamnyonga.

Sasa tuje kwenye penzi. Mvulana yupo. Anaitwa Davis Pickett, mtoto wa bilionea aliyetoroka akikimbia mashtaka, na alikutana na Aza utotoni katika kambi ya watoto waliofiwa na wazazi. Ni kijana mzuri: mpole, mwenye darubini, anayejua majina ya nyota. Anampenda Aza, naye Aza anampenda. Wanabusiana. Na hapo, pale ambapo vitabu vingine hupiga vigelegele, Aza anaanza kufikiria mate. Wanasayansi wa Uholanzi walichapisha mwaka 2014 hesabu ya kwamba busu la sekunde kumi huhamisha bakteria wapatao milioni 80, na hofu ya Aza ni ya namna hiyo hiyo: kwamba sasa wadudu wa Davis wako ndani yake na hawatatoka. Busu limekuwa mlango mwingine wa kuingiwa. Hampendi Davis kwa upungufu. Anampenda kwa ukamilifu, na mwili wake haukubali.

Kinachonigusa zaidi ni wanachofanya baada ya hapo. Wanazungumza kwa simu. Usiku, kila mmoja kitandani kwake, wanaandikiana na kutazamana katika kioo kidogo, na huko ndiko wanakokuwa karibu. Ana kwa ana hulala chali na kutazama mbingu, maana wanaotazama kitu kimoja hawalazimiki kutazamana. Sijui riwaya nyingine ya vijana iliyoipa simu heshima hii. Walimu wenzangu wameandika mengi juu ya simu kuwatenga vijana na binadamu wenzao. Hapa simu ndiyo inayompa msichana huyu mapenzi pekee anayoyaweza.

Nisiseme kila kitu ni kizuri. Upelelezi wa bilionea aliyetoroka, na zawadi ya dola 100,000 kwa atakayetoa habari zake, ni gunzi lililochomekwa ili hadithi isianguke. Bilionea huyo ameacha wosia kwamba mali yake iende kwa mnyama wake, tuatara, kiumbe wa New Zealand afananaye na mjusi. Inachekesha mara ya kwanza. Na Davis anapowapa Aza na rafiki yake hizo dola ili wasiendelee kumtafuta baba yake, nilihisi mwandishi anataka kuondoa umaskini hadithini kwa mkono mmoja ili apate nafasi ya kuendelea na mambo ya moyo. Bahati nzuri yupo Daisy wa kumzuia.

Daisy Ramirez ndiye rafiki, na katika hesabu yangu ndiye mhusika bora wa kitabu. Anafanya kazi katika mgahawa wa watoto, hana gari, hana kompyuta, na anaandika hadithi zake mwenyewe juu ya wahusika wa Star Wars. Aza, baada ya miaka ya urafiki, anazisoma kwa mara ya kwanza, na anamkuta humo mhusika msumbufu, mwoga, anayeharibu kila safari. Anatambua kuwa ni yeye. Wanagombana ndani ya gari. Daisy anamwambia yaliyokuwa kooni siku zote: kwamba Aza hajawahi kuuliza habari za nyumbani kwao, kwamba hajui wanaishije, kwamba gari analoliona la kawaida kwake ni utajiri. Gari linagonga. Aza anafikishwa hospitalini ini limejeruhiwa, na huko, kati ya dawa na vijidudu vya hospitali, anafikia kunywa kitakasa mikono ili ajisafishe ndani.

Vitabu vingi vya ugonjwa humfanya mgonjwa kuwa mtakatifu mdogo. Green amemwacha Daisy aseme ukweli usiosemwa kando ya kitanda cha mgonjwa, kwamba mtu aliyezama ndani ya maumivu yake hana macho ya kuona wengine, na kwamba hilo si dhambi yake lakini ni mzigo kwa wengine. Kisha Daisy harudishi maneno yake, na urafiki hauvunjiki. Kwangu mimi hilo ndilo penzi la kitabu hiki.

Lakini katika suala la kuondoka, yaani kuiacha shule na nyumbani, kitabu kingine kinamshinda Green. Ni Fangirl ya Rainbow Rowell, ya mwaka 2013. Cath amemaliza sekondari Omaha na anaingia mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Nebraska, mjini Lincoln. Pacha wake Wren, waliyeshirikiana naye chumba tangu kuzaliwa, amekataa kukaa naye bwenini. Toka Omaha hadi Lincoln hazifiki kilomita 100. Wanafunzi wetu wanaotoka Tanga kwenda Dodoma au Mbeya watacheka. Hata hivyo Cath anashindwa na jambo ambalo mtu aliyewahi kuwa mgeni shuleni hatalicheka: hawezi kwenda bwalo la chakula. Hajui mlango uko wapi, foleni inaanzia wapi, sahani huchukuliwa kabla au baada, na ukishapakua unakaa na nani. Kwa hiyo hali huko. Kwa wiki kadhaa anaishi chumbani kwa siagi ya karanga na vitafunio vya pakiti, mpaka mwenzake wa chumbani, Reagan, mkali wa maneno, anapogundua na kumkokota kwenda kula.

Nimesoma kurasa nyingi juu ya hofu, zenye mapigo ya moyo na jasho na giza, na hakuna iliyonifikisha kama hiyo ya bwalo. Hofu ya anayeondoka nyumbani imeundwa na vitu hivyo: foleni, sahani, mlango. Na tazama anayemsaidia. Mvulana yupo, Levi, mchangamfu, asiyeweza kusoma kitabu mwenyewe mpaka asomewe, na mapenzi yao ni matamu kweli. Lakini aliyemfikisha Cath mezani ni msichana mwenye hasira aliyechoka kuona maganda ya pakiti. Levi alikuja baadaye, alipokuwa amekwisha kula.

Nikitaja The Perks of Being a Wallflower ya Stephen Chbosky, ya 1999, nitaitaja kwa ufupi tu, kwa kuwa imekwisha kusemwa sana. Charlie yuko mwaka wa kwanza wa sekondari. Rafiki zake Sam na Patrick wako mwaka wa mwisho. Wanaoondoka ni wao, anayevunjika ni yeye aliyebaki. Na usiku wa kuamkia safari ya Sam, anapomgusa kwa mapenzi, mguso huo unafunua jeraha la utotoni alilokuwa amelisahau, naye anaishia hospitalini. Hapa pia, miaka 18 kabla ya Green, mapenzi yalikuwa mlango.

Nilipokuwa nikiyawaza haya, jambo lilitokea katika ukoo wetu lililonionyesha kwamba uongo wa busu si wa Wamarekani peke yao. Yule mpwa aliyeniambia juu ya wasiwasi wa udhu alikuwa na sababu ya kukisoma kitabu kwa siku mbili. Dada yangu alikuwa akisikia usiku kitasa cha mlango kikijaribiwa, mara saba, mara nane, kisha miguu ikirudi kitandani, kisha tena kitasa. Binti alipochaguliwa kwenda chuo cha mbali mambo yakazidi. Kikao kikakaa. Mmoja akasema jini. Mwingine akasema asiende. Na shangazi yake, mtu mwenye huruma nyingi, akasema kwa upole, "Muozesheni, atatulia." Kukawa na kichwa kilichotikisika kukubali, na kingine, na kulikuwa na jina la kijana tayari.

Sikuwa na hoja ya kiganga. Nilichokuwa nacho ni riwaya. Nikawaeleza juu ya msichana wa Indianapolis aliyempata mvulana mwema na asitulie, na jinsi ilivyokuwa kwa mvulana pia, maana katika hadithi zetu hatumuulizi kamwe kijana aliyeozwa kama dawa. Shangazi akauliza, "Kwa hiyo alipona kwa nini?" Nikamjibu kwamba hakupona. Kikao hakikupenda jibu hilo. Lakini habari za posa ziliahirishwa, na binti akapelekwa kwa daktari, ambaye alimwambia ajaribu kitasa mara moja tu kisha alale na shaka yake. Aliponisimulia nilimkumbuka shehe.

Fasihi yetu wenyewe ingeweza kunisaidia katika kikao kile? Nimeitafuta. Euphrase Kezilahabi alimwandika msichana wa shule mwaka 1971 katika Rosa Mistika, na aliandika kwa ujasiri uliofanya kitabu kizuiwe mashuleni kwa muda kabla ya kuja kusomwa humo. Rosa anapigwa na baba yake kwa ajili ya barua ya mvulana, anaondoka nyumbani kwenda shule na chuo bila kinga yoyote isipokuwa woga, na mwisho wake ni kifo. Kezilahabi alikuwa akiwashitaki wazazi, na mashitaka yale yalistahili. Lakini baada yake, kwa wenye vipaji vidogo kuliko chake, msichana mpenda kufa au kuharibikiwa likawa jambo la mazoea. Anayependa huadhibiwa, anayetii huozwa. Yule anayependa kidogo, anaogopa sana, anafaulu mtihani, anapanda basi na kwenda, bado namtafuta katika vitabu vyetu.

Riwaya ya Green inaisha kwa kuagana. Davis anahamia Colorado na mdogo wake. Aza, akiwa amelala chini kwa mara ya mwisho kando yake wakitazama juu, anaruka mbele na kuona miaka itakayokuja: kwamba atakua, ataondoka, ataugua tena, atalazwa tena, atainuka, na atapenda wengine. Hakuna mahali panaposema amepona, wala hakuna mahali panaposema amepotea.

Nimeanza kuitia sura moja moja katika Kiswahili kwa ajili ya dada yangu, asiyesoma Kiingereza. Mabishano ya Aza na sauti yake hayakunisumbua. Maneno yalikuwa yakingoja. Bakteria walikubali. Nimekwama kwenye gari. Aza ana Toyota Corolla kuukuu aliyoipa jina la Harold, na humo ndimo anamokuwa peke yake na fikra zake, vioo vimefungwa, akiendesha. Binti wa umri wake huku yuko ndani ya daladala, amesimama, kikwapa cha mtu usoni, konda anadai nauli, na wasiwasi unaendelea kunong'ona vile vile katikati ya zogo. Dada yangu ameniomba nimpandishe Aza daladala. Nimemwambia haiwezekani, gari lazima ligonge. Hatujaelewana bado.